Kasha la Bibi Tunu

Kadi ya picha ya kompyuta, tena ya mtumba, ilimmalizia Firdausi akiba yote. Gemu halitakwama, lakini hela ya boksi la kuifungia kompyuta yenyewe ikawa haipo. Potelea mbali! Akavipanga vifaa vyote wazi juu ya meza, nyumbani kwao Mkuza.

Bibi Tunu alipokuja kutoka Kisarawe kumsalimia mjukuu wake, akaguna. "Mke mwenzangu, mbona umeiacha uchi?"

Wiki iliyofuata akarudi na kasha lake la harusi, lile la kanga, ambalo hata wanawe hawakuthubutu kuligusa. Fundi alishalitoboa matundu ya hewa.

"Bibi, umeliharibu!"

Vifaa vilipokwisha kupangwa ndani ya kasha, bibi akasema, "Washa."

Feni zikazunguka, na chumba kizima kikanukia udi, kama chumba cha bi harusi.