Upepo wa Mbele

Pale kwenye bustani ya michezo walimwita Breki, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuendesha rola kosta, treni ya michezo inayopanda vilima vya reli na kuporomoka, na sifa yake ilikuwa kuisimamisha. Mwenyewe hakujali. Kila alfajiri, hata uso hajanawa, alikuwa ameshafungua dirisha kunusa hewa, maana treni ile ilikuwa na tabia kama mtu. Jua likiwaka grisi hulainika na treni hukimbia kupita kiasi. Manyunyu yakilowesha reli huteleza. Baridi ikiingia huwa nzito kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Breki hakuchoka kutaka kujua leo imeamkaje.

Asubuhi hiyo iliamka vibaya. Baridi ilikuwa kali na upepo ulivuma kutoka mbele. Aliiachia tupu, kwa majaribio. Iliporomoka mlima mkubwa vizuri tu, lakini kwenye nundu ya mwisho ilipanda ikichechemea, ikafika juu, ikasita. Breki akabana pumzi. Ikapita kwa taabu.

"Umeona?" akamwambia mdogo wake.

Mdogo wake, fundi cherehani, alisimama kando na shati jipya alilolifunga vifungo hadi kooni. Alikuja kumwomba dada yake jambo moja: apandishwe yeye na nesi aliyempenda, wawili tu. Mwaka mzima alitaka kumwambia nesi waoane, na mwaka mzima kigugumizi na miguu vilimsaliti. Akikaribia neno lenyewe, hukumbuka ana nguo ya mteja, huyo anaondoka. Na mchana huu nesi alikuwa anapanda basi kwenda kufanya kazi hospitali ya mbali, miaka miwili. Ndipo fundi akapata wazo: kule juu, chuma kimembana mapajani, atakimbilia wapi?

"Wawili hamtoshi," Breki alisema. "Kwa baridi hii treni nyepesi haivuki nundu. Itarudi nyuma ibaki bondeni inabembea, na nyinyi mmo ndani."

"Kwani chuma nacho kinasikia baridi?"

"Kinasikia kuliko wewe."

"Basi weka magunia ya mchanga."

"Magunia ni ya majaribio, hayapandi na watu. Mimi nataka watu. Viti vijae."

Tatizo ni kwamba foleni ilikuwa tupu. Nani atoke kitandani na baridi ile? Breki akawaita wafagiaji, muuza tiketi na mlinzi. Bado hawakutosha. Kisha nesi akatokea langoni kama alivyomwahidi fundi, na hakuwa peke yake. Mama yake na shangazi zake walikuwa wanamsindikiza na masanduku, wanawake wa miili iliyoshiba. Breki akawatazama kama muuza nyama anavyotazama mizani. Mdogo wake akawatazama kama aliyekutana na simba.

"Dada, hapana," alinong'ona. "Mama mkwe nyuma yangu?"

"Hajawa mkwe bado. Na mchagua jembe si mkulima."

Wakapanda wote, ndala na viatu vikabaki jukwaani. Fundi na nesi walikaa kiti cha mbele, nesi amejifunga kitambaa kizito hadi masikioni. Mama yake nyuma yao, shangazi wakafuatia. Kipima upepo kilikuwa chini ya kikomo. Breki akabonyeza kitufe, mnyororo ukaanza kuwavuta.

Kamera ya kileleni haikuwa na sauti. Breki aliisogelea skrini mpaka pua ikaigusa. Mdogo wake alikuwa anatazama mbele. Mdomo ukafunguka, ukafumba, ukafunguka tena, na safari hii ukaendelea. Nesi akagusa kitambaa chake na kutikisa kichwa: sisikii. Lakini kiti cha nyuma mama alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono, na shangazi mmoja alikuwa anampigapiga mwenzake begani. Breki akaelewa. Upepo wa mbele ulikuwa umeyachukua maneno na kuyafikisha kwa wakwe.

Alitaka kucheka, ila treni ilishaporomoka na roho yake yote ikaenda kwenye nundu. Treni ikapanda na uzito wa ukoo mzima, ikavuka bila kusita.

Wakarudi jukwaani, vyuma bado vimewabana.

"Mwanangu," mama alimwambia fundi, "sisi wa nyuma tumesikia. Lakini si sisi uliotuuliza."

"Amesema nini?" nesi aliuliza.

"Muulize mwenyewe."

Fundi akamtazama dada yake kwa macho ya kuomba. "Dada, nifungulie. Kuna nguo ya m-mteja…"

Kidole cha Breki kilikuwa juu ya kitufe cha kufungulia vyuma, lakini hakubonyeza. Alimwonea huruma, na alimkasirikia vilevile. Akiachiwa huyu, ataondoka, na miaka miwili si mchezo.

"Dada, mfungulie," nesi alisema.

Vyuma vyote vikainuka kwa pamoja. Lango la kutokea lilikuwa wazi. Fundi akasimama, akatoa mguu mmoja nje, kisha akageuka.

"Na-naomba tuoane. Ukirudi. Na u-usiporudi, nitakufuata hukohuko."

Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemmalizia neno. Nesi akafungua kitambaa masikioni.

"Kule juu nilisikia," alisema. "Nilitaka nijue kama utasema ukiwa na pa kukimbilia."

Kisha akamgeukia Breki, akamnyooshea mkoba wake.

"Wifi, hebu nishikie hapa, nitafute viatu vyangu. Basi haliningoji."