Klachi Mpya, Harufu Ileile

Klachi mpya ya gari la baba ilianza kunuka kuungua kama ile ya zamani kabla hata hatujaizoea, nami nikaenda gereji na baba nimekunja ndita. Fundi lazima alitubandika kipuri feki. Gari lenyewe kuukuu, mlango wa abiria unafunguliwa kwa nje, lakini ndilo linalompeleka mwanangu shule kila asubuhi, babu kwenye usukani, mjukuu nyuma akiimba. Siku hizo lilikuwa likinguruma mlimani bila kupanda, na hilo lilininyima raha.

"Nimefundisha udereva maisha yangu yote," baba alimwambia fundi, kifua mbele. "Mimi hunidanganyi."

Fundi aliingia garini, akavuta breki ya mkono, akatia gia ya tatu, akaachia klachi taratibu. Injini ikazima papo hapo.

"Klachi nzima ndivyo inavyofanya," alisema. "Ingekuwa imekwisha, injini ingeendelea tu kunguruma. Haya mzee, jaribu wewe."

Baba akaketi, akarekebisha kioo kama mtu wa safari ya mbali, akafanya vilevile. Injini ikanguruma. Ikaendelea kunguruma, na harufu ya kuungua ikatupanda puani.

"Mmeona?" baba alishangilia. "Mbovu!"

"Toa mguu, mzee."

"Nimeshautoa!"

Nilicheka. Nikafungua mlango wa dereva ili nimkomeshe huyo fundi, nikainama. Mguu wa kushoto wa baba ulikuwa juu ya klachi, umeikandamiza nusu.

"Baba, mguu."

"Na wewe pia? Si nimesema nimeutoa!"

Alinikazia macho, wala hakuwa na chembe ya utani. Nilizima gari. Nikaangalia kiti cha nyuma, kitupu, nikamwona mwanangu pale, asubuhi zote zile, akiimba.

Nikamvua baba kiatu na soksi, nikamfinya kidole gumba kwa ukucha, kwa nguvu zangu zote. Aliendelea kumfokea fundi. Ukucha ulizama nyamani na yeye hakukatisha hata neno.

"Baba," nilisema, "nakufinya."

Akatazama chini. Akakiona kiatu chake mkononi mwangu. Mikono yake bado ilikuwa imeshika usukani.

"Kwani," akauliza, "umenivua saa ngapi?"