Plagi ya Saa Nane

Nyumbani walimwita Kobe tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akifunga kamba za viatu, anazifungua, anazifunga tena mpaka zilingane. Ukubwani akawa karani wa maktaba, na mambo ya kompyuta akajifundisha mwenyewe kwa mwendo uleule. Basi mama yake alipompigia simu kwamba kompyuta yake mpakato "inakoroma", aliomba ruhusa ya siku nne kazini, akafunga begi, akaenda.

Haikuwa ikikoroma. Ilikuwa ikikwaruza: kre, kre, kimya, kre. Kobe aliiinamishia sikio kama daktari juu ya kifua cha mtoto.

"Diski inakwisha, Mama."

"Inakwishaje, na juzi tu baba yako kainunua?"

"Juzi hiyo ni miaka saba."

"Ndiyo juzi hiyohiyo."

Ndani ya diski ile kulikuwa na sauti ya mama. Kwa miaka thelathini na moja aliunganisha simu kituoni, enzi ambazo kila simu ya mji ule ilipita mikononi mwa wanawake sita waliokaa mbele ya ubao wenye matundu na waya. Alipostaafu akaanza kuwaandikia wajukuu mambo ya kituo. Vidole vilipokakamaa, akawa anayasema tu mbele ya kompyuta, kila asubuhi baada ya chai. Baba, aliyekuwa fundi wa laini za simu, alinunua kisanduku cheusi cha kuhifadhia nakala, ukubwa wa tofali, akakiweka kwenye korido chini ya rafu ya viatu, kando ya ruta. Akapanga kila siku saa tisa alasiri kompyuta ipeleke humo yote mapya, kupitia mtandao wa nyumba. Mwaka huu baba alifariki, na kisanduku kikabaki kikimetameta peke yake.

Kobe alitazama nakala ya mwisho ni ya lini. Miezi minane iliyopita. Tangu hapo kila siku kompyuta ilikuwa imeandika maneno yaleyale: kisanduku hakionekani. Kwa hiyo miezi minane ya sauti ya mama ilikuwa mahali pamoja tu duniani, juu ya diski inayokwaruza. Na njia ya mkato haikuwepo, maana matundu ya flashi yalikufa siku mjukuu alipoyanywesha maziwa.

Alianza mwanzo. Akakagua taa za kisanduku: kijani. Nywila: sahihi. Nafasi: tele. Ajabu ni kwamba kila alichokigusa kilikuwa kizima. Saa nne asubuhi akaamuru nakala ianze, kompyuta ikasema itachukua saa saba. Walipomaliza kula mchana, Kobe akatoka kwenda dukani kutafuta waya mpya wa kuunganisha kisanduku na ruta, kwani wa zamani ulikuwa umekunjika shingo.

Muuza vifaa, aliposikia habari ya diski, alitikisa kichwa. "Hiyo haimalizi wiki. Ikipata moto, izime ilale mpaka asubuhi. Usiibembeleze."

Aliporudi saa kumi, kompyuta ilikuwa imeandika tena: kisanduku hakionekani. Taa zote kijani, na nakala imekatika njiani. Programu ile ya kizamani haikujua kuendelea ilipoishia. Ikikatwa, huanza upya. Diski ilikuwa moto kama sufuria. Akaizima.

Siku ya pili alibadilisha waya, akaanza tena saa nne. Saa nane nyumba ikanyamaza. Ndivyo ilivyokuwa tangu utoto wake na dada yake, mama alipokuwa akifanya zamu za usiku kituoni: saa nane ni saa ya mama kulala, na hata inzi aliruka kwa adabu. Kobe akajilaza kwenye kitanda chake cha zamani, miguu ikining'inia nje, akitazama ufa wa darini aliokuwa akiufuata kwa macho kama mto. Akapitiwa na usingizi.

Alipoamka, kisanduku hakionekani.

Dada yake alipiga simu. "Kobe, umefika wapi?"

"Nimefika pale nilipokuwa jana."

"Hongera. Kwa mwendo wako hayo ni maendeleo. Lakini Kobe..." Sauti ikashuka. "Ziokoe. Mimi sijasikiliza hata moja. Nilijua zipo tu."

Jioni ile aliacha kuichunguza kompyuta, akaingia katika kumbukumbu za kisanduku chenyewe, ambacho huandika kila kinapowaka na kila kinapozimika. Jana: kimezimika saa nane na robo, kimewaka saa kumi. Juzi vivyo hivyo. Miezi minane vivyo hivyo. Akarudi nyuma zaidi, na huko mwandiko ulikuwa mwingine: kimezimika saa nane na robo, kimewaka saa nane na nusu, kimezimika saa kumi kasoro robo, kimewaka saa kumi. Kila siku, kwa miaka minne. Kisha ile mistari miwili ya katikati inakoma, tarehe ambayo Kobe hakuhitaji kalenda kuijua. Ndiyo siku waliyompeleka baba hospitali.

Siku ya tatu alianzisha nakala, na baada ya chakula akakaa kwenye korido juu ya kigoda cha baba. Saa nane na robo mama akaja na kandambili zake. Redio, chomoa. Pasi, chomoa. Taa ya mezani, chomoa. Akainama kwenye rafu ya viatu.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini? Laini isiyo na mtu huchomolewa. Mwenzetu mmoja alisahau waya mmoja kwenye ubao, tukaja kukuta nusu ya ukuta mkaa. Tangu siku ile sijalala na kitu kimechomekwa."

"Hii ina mtu. Wewe ndiye uliyemo humo."

Akamwonyesha ile mistari kwenye simu yake, akamsomea saa moja moja. Mama aliifuata kwa kidole, midomo ikitembea.

"Kwa hiyo mimi nachomoa, yeye anachomeka?"

"Na kabla hujaamka anachomoa, ukute ulivyoacha."

"Miaka minne ananizunguka, mzee yule!" Akacheka mpaka akashika rafu. "Na mimi kila nikiamka nakuta kigoda kina joto, namfukuza paka!" Kicheko kiliisha, yeye akabaki ameishika rafu. "Mbona hakuniambia?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali." Akakitazama kigoda. "Hakukiacha kisanduku peke yake hata siku moja. Alikaa hapa akikilinda, ili nilale."

Kutoka chumbani ikasikika: kre, kre.

"Imebaki kiasi gani?"

"Kama saa tatu."

"Ondoka hapo."

Mama akaketi, mkono juu ya kisanduku kusikiliza joto lake, na kwa mara ya kwanza tangu Kobe azaliwe, saa tisa alasiri ilimkuta mama yake macho. Saa kumi na moja na dakika saba nakala ikakamilika. Kobe hakuamini nakala isiyojaribiwa, kwa hiyo alifungua kompyuta yake mwenyewe, akachukua sauti moja kutoka kwenye kisanduku.

"...anapanda nguzo, anapiga kutoka kulekule juu. 'Kituo, mnanisikia?' Namwambia, 'Tunakusikia, fundi, shuka.' Kesho yake anapanda nguzo ileile."

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Nguzo ile," alisema, "haikuwahi kuwa na ubovu wowote."

Asubuhi diski haikukwaruza. Haikufanya lolote. Kobe akanunua mpya, akairudishia kila kitu, kisha akasema ahamishie nakala asubuhi, wakati vyote vimechomekwa, mama alale zake kwa amani.

"Saa tisa iache ilipo."

"Na usingizi?"

"Nililala vya kutosha miaka minne."

Wiki iliyofuata, Kobe akiwa maktaba anapanga kadi, simu ilitetemeka mfukoni. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

"Nimekaa," mama alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayelinda usingizi wa mwingine. "Kinawaka. Ila kigoda nimekiwekea mto. Baba yako alivumilia mengi."