Mstari wa Pili

"Wifi, hilo doa utalitoa au utalikodolea macho mpaka lione haya?"

Mkono wa Fundi Madoa ulikuwa umesimama juu ya kola ya shati jeupe. Jina hilo alipewa na wateja wa dobi, kwa kuwa kutu, wino na damu vilisalimu amri mbele ya brashi yake. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa kwenye meza ya pasi, mvuke ukimpanda usoni, mdomo haupumziki.

"Umempigia tena kaka yangu."

"Nimempigia."

"Leo nayo ni hatari?"

Siku za hatari: ndivyo wanawake walivyoziita siku za yai kushuka. Kwake yeye, hatari ilikuwa zipite bure.

"Hatari tupu. Mstari umekolea kama jana."

"Mwanamume yuko juu ya vyuma, jua linamchoma, moto unamchoma, wewe unamwita kama mtu anayeita teksi! Msimamizi keshamwambia akiondoka tena asirudi." Pasi ilishuka kwa kishindo. "Mimba umeshaidondosha. Na kazi yake uidondoshe?"

Fundi Madoa alisugua. Mimba ilimtoka hapahapa, mbele ya mashine, wiki chache tu zilizopita. Mashuka yalikuwa yanazunguka na hakuna aliyekumbuka kuizima. Muuguzi alisema mengi siku ile. Yeye alisikia neno moja: mtajaribu tena.

Tangu hapo kila asubuhi alichovya kipimo cha yai kwenye mkojo. Mstari wa kwanza ni wa kipimo chenyewe. Wa pili ukikolea kama wa kwanza, yai liko njiani. Na wake ulikolea, kesho yake ukakolea, wiki nzima ukakolea, mpaka akaanza kuona mwili wake umemwomba radhi. Kila alipopiga simu, mumewe alikuja, ananuka chuma kilichoungua, akavua buti mlangoni akicheka: "Haya, fundi nimefika, kazi iko wapi?"

Mchana vipimo vikamwishia. Akaenda duka la dawa.

"Dada, mbona unavimaliza kama karanga?" alitania muuzaji.

"Vinatoka vizuri." Alikunjua kitambaa, akamwonyesha cha asubuhi. Alikionyesha kama wengine wanavyoonyesha picha ya mtoto.

Muuzaji aliacha kutabasamu. "Mstari umekuwa hivi tangu lini?"

"Wiki nzima."

"Yai halikai njiani wiki nzima, dada." Akamtazama vizuri. "Ulipoteza mimba karibuni?"

Aliitikia kwa kichwa.

"Basi ndiyo hiyo. Mimba ikitoka, homoni yake hubaki mwilini kwa muda. Inafanana na hii ya yai, na kipimo hakijui kuzitofautisha. Hukuwa unasoma yai. Ulikuwa unasoma ile mimba."

"Ile... bado ipo?"

"Haipo. Mabaki tu. Hata ukichukua kipimo cha mimba, kinaweza kukuambia unayo." Alisema polepole, kama anayempa chenji mtu asiyejua kuhesabu. "Subiri mstari ufifie mpaka upotee. Usipofifia, nenda hospitali. Ukishapotea, ndipo uanze kuutafuta upya."

Alimpigia mumewe akiwa bado kizingitini mwa duka, vipimo vipya mkononi. Simu ilikuwa imezimwa. Alitembea, kisha akakimbia.

Nyumbani alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Kando yake palikuwa na kinyago cha kuchomelea, glavu, buti za akiba, kikombe chake cha chai. Mtu anayerudi kazini kesho haji na kikombe chake.

"Nimewaachia vyuma vyao," alisema, akicheka kwa meno tu. "Vyuma havitaniita baba. Haya mama, funga mlango."

Mkono wa Fundi Madoa ulikuwa kwenye komeo. Angeweza kufunga na kunyamaza. Angeweza kumwachia furaha hiyo mpaka jioni, naye afumbe macho. Aliuacha mlango wazi, akamweleza yote akiwa wima.

Mwanamume aliyatazama makovu ya cheche mikononi mwake.

"Kwa hiyo nimeacha kazi kuja kulala na maiti."

Neno lilitua sakafuni, na mumewe hakuinama kuliokota. Fundi Madoa hakulia. Alianza kupanga glavu, moja juu ya nyingine, kama nguo za mteja.

Mumewe akasema, "Nionyeshe."

Alimpa. Kipimo kilikuwa chembamba mno kwenye vidole vile vinene.

"Ni huu?"

"Huo."

"Huu ndio yeye?"

"Ndicho kilichobaki."

Alikilaza kiganjani, akakisogeza kwenye mwanga. "Usipofutika?"

"Hatupati mwingine."

"Na ukifutika?"

Fundi Madoa aliinua kikombe cha chai, akakifuta kwa upindo wa kanga ijapokuwa kilikuwa kisafi.

Asubuhi aliingia bafuni na kipimo kipya. Alikichovya, akakilaza kwenye ukingo wa dirisha. Rangi ilianza kupanda kwenye karatasi nyeupe, taratibu. Aligeuka akatazama ukuta.

Nje ya mlango nyayo za mumewe zilisimama.

"Unaonekana?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Fundi Madoa alifungua bomba mpaka mwisho, maji yakaipiga ndoo kwa kelele, ili asimsikie akiuliza tena.