Blanketi la Pembe kwa Pembe

Katika ukoo wa marehemu mume wangu, mtoto akizaliwa hutolewa hospitali akiwa ndani ya blanketi la wifi yangu. Hakuna aliyelipitisha hilo kikaoni, lilizoeleka tu. Wifi anafuma kwa kroshia tangu hajaolewa, na kidole chake kimeota sugu mahali uzi unapopita. Hata binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alitoka hospitali ndani ya kazi ya wifi.

Binti huyo alipopata ujauzito wake wa kwanza, nikasema mbele ya watu, nimeshika kikombe cha chai, "La huyu nitalifuma mimi."

Wifi alicheka mpaka chai ikampalia. "Wewe? Wewe ambaye kifungo kikikatika unabana pini?"

"Pini nayo si inafunga?"

"Haya, wifi yangu. Langu nitalifuma kama kawaida. Ukimaliza lako kabla mtoto hajalia, langu nalitandika kwenye kochi, paka alalie. Usipomaliza, mtoto anavaa langu, na sindano utakazoazima unazirudisha ulikozitoa."

"Shahidi ni Mungu," nikasema.

"Na mimi pia," akadakia binti yangu, mkono tumboni.

Sikuwa na ugomvi na wifi. Ila tangu marehemu aondoke, mikono yangu ilikuwa inakaa mapajani kama wageni ambao hawajaandaliwa kitu. Nilitaka mjukuu wangu wa kwanza apokewe na mikono hiyo.

Nikaenda kwa jirani tunayemwita Mama Sweta, afumaye sweta za shule kibarazani kwake. Akanipa sindano mbili na donge la uzi wa rangi ya maziwa.

"Anza na mkanda mwembamba," akaniambia. "Vitanzi vichache tu. Kila kitanzi unachokifuma upande huu kinahamia upande ule. Ukifika mwisho wa safu, geuza, anza tena. Ukishafuma mikanda ya kutosha tutaiunganisha, blanketi hilo."

Mwanzoni sindano zile ziligombana kama wake wenza. Nilivuta uzi kwa hofu, vitanzi vikabana, sindano ikagoma kupita. Mama Sweta akasema, "Legeza, mama, huo uzi hautoroki." Nikalegeza. Siku iliyofuata nikasikia mlio mdogo wa sindano kugusana, ti, ti, ti, na safu ikaisha bila mimi kushika pumzi. Nilicheka peke yangu chumbani kama mwehu.

Ikawa kila asubuhi, nikishamaliza sala, nakaa dirishani kwenye mwanga na kila safu naifuma na dua yake. Hii ya binti, hii ya mkwe wangu, hii ya marehemu. Na wifi nilimpa yake, ingawa ile niliikaza kidogo.

Kazi ilisonga, lakini mkanda ukawa hautaki kuwa mkanda. Ulianza mwembamba kama utambi, ukapanuka, ukazidi kupanuka, mpaka nilipoutandaza mezani niliona kitu kama kipande cha pizza. Nami nilikuwa nimeshatumia uzi mwingi.

Kwa bahati mbaya wifi aliingia bila kubisha.

"Mungu wangu! Kwani mjukuu wetu anazaliwa na pembe tatu?"

"Wifi, usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Sitatukana. Nitamtafutia paka mahali pengine pa kulala, maana kochi halitatandikwa blanketi." Akaondoka akicheka hadi barabarani.

Nilimpelekea Mama Sweta kazi ile. Akaigeuza, akaguna. "Fumua, mama. Uanze upya."

"Nifumue yote? Binti yuko mwezi wake."

"Sasa utafanyaje? Vitanzi vinazaliana humo."

Mimi si mwepesi wa maneno, lakini macho ninayo. Nikamwomba afume yake kidogo, nikatazama vidole vyake. Kila alipoanza safu mpya, uzi wake ulining'inia chini, mbele ya sindano. Nikaanza safu yangu: mimi uzi niliuvuta juu, ukapita mgongoni mwa sindano. Kile kitanzi cha kwanza kikavutika, miguu yake miwili ikapanda juu, kikaonekana ni viwili. Nami nikavifuma viwili! Kumbe nilikuwa nimefanya hivyo kila safu, upande huu na upande ule. Kosa langu lilikuwa na adabu, halikuruka safu hata moja. Ndiyo maana kingo zote mbili zilinyooka kama zimepimwa kwa rula.

Nilirudi nyumbani bila kufumua. Kesho yake nilikuwa napiga pasi leso za marehemu, maana sikuzigawa zile. Alipenda nizikunje pembe kwa pembe. Nikakunja moja, nikaiweka mezani: pembe tatu, sawasawa na kazi yangu. Nikaikunjua: mraba. Nikaikunja tena, nikaikunjua tena. Pasi nusura iunguze kitambaa.

Nikakimbia kwa Mama Sweta na leso mkononi. "Nimefuma nusu! Ni nusu ya blanketi, imeanzia kwenye pembe. Ilivyoongezeka, sasa ipungue. Kila nikianza safu, nifume vitanzi viwili kama kimoja."

Akaishika leso, akaikunja, akaikunjua. Akapiga goti lake kofi. "Mwanamke wewe! Nenda kafume, usinipotezee muda!"

Nikafuma. Kila safu ilikuwa fupi kuliko mwenzake, na nguo ikaanza kujifunga upande wa pili kama ilivyojifungua wa kwanza. Nilikuwa naikaribia pembe ya mwisho mkwe aliponijia anahema: binti ameshikwa na uchungu.

Kwenye benchi la korido ya wazazi nilimkuta wifi, mfuko mapajani, blanketi lake limekunjwa vizuri ndani yake. Nikaomba kimya, nikatoa sindano.

"Bado tu?" akasema.

"Bado kidogo."

"Mtoto hasubiri kidogo."

Nikafuma. Donge likaniponyoka, likabingirika chini ya mabenchi. Kusimama siwezi, vitanzi vitachomoka. Basi wifi, pamoja na maneno yake yote, akapiga magoti sakafuni, akaliburuta kutoka chini ya miguu ya mgonjwa mmoja, akalipangusa vumbi.

"Sijakusaidia," akasema. "Napenda uzi safi."

Akalishika akinilegezea uzi kila nilipouhitaji. Safu zikawa fupi, nami nikawa mwepesi. Vitanzi vitano. Vinne. Ndani tukasikia sauti ya binti yangu ikipanda, na ya mkunga ikimhimiza. Vitatu. Wifi akainama kuvitazama. Viwili. Kimoja! Nikaukata uzi kwa meno, nikaupitisha ndani ya kitanzi cha mwisho, nikavuta.

Ndipo mtoto akalia.

"Alhamdu..." akaanza wifi, kisha akakumbuka mashindano, akajifanya anaufunga mfuko wake.

Mkunga akachungulia mlangoni. "Ni wa kike, wote wazima. Blanketi lake liko wapi?"

Nikasimama, nikalikung'uta likafunguka mbele ya korido nzima, mraba, pembe zake zote nne mahali pake. "Hili hapa."

"Hili limefumwa kuanzia kwenye pembe," mkunga akasema akiitazama mistari yake inayokwenda upande. "Nani fundi?"

"Huyu," akasema wifi kabla yangu. "Wifi yangu huyu."

Binti alipotoka na mtoto ndani ya blanketi la rangi ya maziwa, nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka, na sikuona haya.

Jioni ile tulipita kwa wifi, aliyekuwa ametangulia nyumbani. Blanketi lake lilikuwa limetandikwa kwenye kochi kama alivyoahidi, na paka yuko juu yake, amejikunja, hana habari na mtu. Wifi akamchukua mtoto, akazishika pembe za blanketi langu moja moja, akazisogeza karibu na macho.

"Ulianzia wapi hapa?" akauliza. "Sioni mwanzo."

Nikafungua mkoba, nikatoa sindano zangu mbili.

"Mpe mama yake mtoto," nikamwambia, "halafu ukae hapa karibu yangu. Vitanzi vichache tu. Na ulegeze, wifi, huo uzi hautoroki."