Punje za Saizi Moja

Mwaka ule chuo chao kilifungwa kwa mgomo, mjukuu wangu Judica akarudi kwetu Tumati na chupa zake za dawa za maabara. Jumanne alitakiwa ampelekee mwalimu wake punje za silika, ile iliyomo kwenye mchanga, nyeupe, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho, zote saizi moja. Akikosa, nafasi yake ya utafiti anapewa mwingine. Dawa ilibaki ya kutosha mara mbili tu.

Kazi yenyewe niliielewa. Anachanganya dawa na tindikali, anamimina kwenye sufuria ya mafuta, anapekecha kwa upekecho wangu wa mlenda. Dawa inakatika matone, matone yanaganda kuwa punje. Ukipekecha haraka zinakuwa ndogo, polepole zinakuwa kubwa. Ukiacha kabla hazijaganda, zinashikana.

Mara ya kwanza alikuwa katikati ya kupekecha, akaingia kaka yangu mkubwa, Nikolausi. Judica akaacha upekecho, akasimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnapika nini kinanuka hivi?"

Aliporudi kwenye sufuria alikuta bonge moja, kama ugali wa jana.

Hakulia. Alitoka, akaingia, akatoka tena, akiipima kwa macho ile dawa ya mwisho.

Kaka alipokwenda kutazama ng'ombe, Judica akaanza upya, nami nikampigia mwendo kwa kiganja juu ya goti. Matone bado mabichi, kaka akachungulia mlangoni, fimbo mkononi.

"Mimi naondoka."

Kwetu mkubwa akiaga, mtoto anasimama, anamsindikiza mpaka njiani. Nikaona magoti ya Judica yanataka kunyanyuka.

"Kaa," nikamwambia. "Usibadilishe mwendo."

"Kwa hiyo leo naagwa na mgongo," kaka akasema. "Ndiyo chuo hicho."

"Kaka, ni mimi nimemkataza."

"Basi mmefundishana vizuri." Akaenda zake.

Jasho lilimtiririka Judica, mikono haikusimama. Baadaye akaziosha punje, akazikausha, akazichekecha. Zote zilipita chekeche la kwanza, zikabaki juu ya la pili lenye matundu madogo zaidi. Hakuamini, akachekecha tena.

"Bibi, zimetoka."

"Nimeona. Zifunge."

Nikajitanda shuka, nikatoka kumfuata kaka, nimsindikize mimi. Nilimkuta kaka kwa jirani yetu Gervasi, ndiyo kwanza anaaga. Aliponiona akashika njia. Nilimwita mara mbili. Mara ya pili alisimama, ila hakugeuka, nami nikaongeza hatua.