Bwana Ukungu na Kiti cha Shangazi

Shangazi hakuwa shangazi wa kila mtu mle karakanani. Alikuwa shangazi wa Fundi, mwenye vyerehani, na ndiye aliyemfundisha kushika mkasi alipokuwa mtoto wa kukimbizana na vipande vya kitambaa. Lakini Fundi alivyomwita ndivyo wote walivyomwita, hata Mpiga Pasi, mzee wa rika la Shangazi mwenyewe.

Zamani alishona. Siku hizi kazi yake ilikuwa kusoma. Kila alasiri, wenzake wakiwa wameinamia sare za shule, yeye alikaa kwenye kiti cha mbao kando ya mlango, akafungua kitabu na kuwasomea visa vya Bwana Ukungu. Hilo ni jina walilompa wenyewe. Kitabuni alikuwa mpelelezi Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria, mtu mwembamba mwenye majivuno yasiyo na mwisho, anayekutazama viatu tu akajua umetoka wapi na umegombana na nani.

Visa vyenyewe walikuwa wamevisikia mpaka vimewakaa kichwani. Walijua fika kwamba mtunza bustani ndiye aliyeiba mkufu wa mjane. Haikuwazuia. Ukungu ukishuka barabarani, taa za gesi zikiwashwa na gari la farasi likisimama mlangoni, Mama Pacha alipunguza mwendo wa cherehani na kusema, "Haya, mwenyewe huyo amefika."

Mteja mmoja aliwahi kuwauliza wana nini na huyo mzungu wao wa kale. Mpiga Pasi ndiye aliyemjibu.

"Mimi mambo mengi yamenipata, na mpaka leo sijui kwa nini. Kwa yule bwana kila jambo lina sababu yake, na sababu inapatikana kabla hatujafunga kazi. Wewe hutaki raha hiyo?"

Sasa tatizo. Shangazi alikuwa haoni tena. Herufi zilianza kucheza, zikafifia, kisha ukurasa mzima ukawa kitu cheupe tu mapajani. Daktari alimwambia kwa upole kwamba kilichopotea hakirudi. Shangazi hakumwambia mtu. Kutunga uzi kulishamshinda. Akinyang'anywa na kiti hiki, atabaki kwenye nyumba ya Fundi akila na kulala, akisubiri watu warudi kutoka kazini wamhurumie. Hilo lilimtisha kuliko giza lenyewe.

Basi akajikaza kisabuni. Alifungua kitabu, akainamisha kichwa na kusoma kutoka kichwani, akifunua kurasa kwa kubahatisha. Kumbukumbu ilipokwama, alitia chumvi. Mwezi ule Bwana Ukungu, ambaye hajawahi hata kufuga paka, alinusurika kuchumbia.

Ikaja alasiri ya mvua kubwa. Shangazi alikuwa amefika pale muuaji anapojibanza nyuma ya pazia, huku mpelelezi akitazama matope kwenye zulia. Ghafla vyerehani vikanyamaza vyote. Kimya, mvua tu juu ya bati.

Leo nimewapata, alijiambia kwa furaha. Akashusha sauti, akafunua ukurasa, akamtoa Bwana Ukungu kwenye kiti chake na kumpeleka polepole mpaka kwenye pazia. Akasoma hadi mwisho. Muda si mrefu vyerehani vikaanza tena kunguruma.

"Mbona mmenyamaza hivyo?" aliuliza.

"Kisa kilikuwa kitamu, Shangazi," alisema Mama Pacha. Sauti yake ilikuwa na kitu ndani yake.

Kesho yake Shangazi alipapasa kando ya mlango, hakukuta kiti. Fundi akamshika mkono, akamkalisha katikati ya chumba. Hakuna aliyekuwa akishona.

"Tumekusanyika hapa," Fundi alianza, akijitia ukali, "kwa sababu mkosaji yumo humu humu chumbani."

Shangazi akacheka. Sura ya mwisho ya kila kisa huwa hivyo: wote sebuleni, mlango umefungwa. Kicheko kilimkauka pale Mpiga Pasi alipokohoa na kusema:

"Mkosaji huyo siku hizi hamimini chai mpaka atie kidole kwenye kikombe."

"Na habari ya uchumba," alidakia Mama Pacha. "Bwana Ukungu? Achumbie? Mimi namjua yule mtu!"

"Na jana umeme ulikatika," alisema Fundi, safari hii bila ukali wowote. "Mvua nje, mlango tumeufunga, humu ndani giza totoro. Sikuona hata mkasi niliokuwa nao mkononi. Wewe ukaendelea kusoma, Shangazi. Ukafunua na ukurasa."

Shangazi aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Nilidhani mmenogewa," alisema, na machozi yakamtoka. "Haya, mmenikamata. Nitoeni kwenye kiti, mwanangu, mtafute mwenye macho."

"Tulinogewa kweli," alisema Mpiga Pasi. "Umeme uliporudi mimi niliudhika."

"Lakini vinaniishia! Nimebakiza kisa kimoja kichwani. Baada ya hapo nitawasomea nini?"

Mama Pacha akamwekea kitu mapajani. Kitabu, kilichochakaa pembeni, kinanuka vumbi la muuza vitabu vya mitumba. Kilikuwa cha Bwana Ukungu, lakini mle karakanani hakuna aliyewahi kukisikia.

"Asubuhi nitakusomea mimi, alasiri utatusimulia wewe. Mimi nikisoma, hata mauaji yanachosha watu."

Hakusema uongo. Asubuhi iliyofuata, kabla wengine hawajafika, alisoma neno kwa neno kama mtu anayechambua mchele. Shangazi alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini. Mwenye nyumba amekufa, dirisha limefungwa kwa ndani, mbwa hakubweka. Nani? Tangu ujana wake alikuwa amewajua wauaji wote hata kabla hawajashika kisu. Huyu hakumjua. Alifurahi mno, furaha aliyodhani imekwenda pamoja na macho.

Mama Pacha akanyamaza. Zikasikika kurasa zikifunuliwa haraka haraka, nyingi mno.

"Alaa! Kumbe ni yule—"

"Funga mdomo!" Shangazi alipiga kelele, akaukamata mkono wake kwa nguvu zote. "Usiniambie! Rudi ulipoachia, soma!"